Tetere wa Mkunazini

Vichochoro vya Mkunazini, Mji Mkongwe Unguja, havipitishi gari, lakini kunguru hupita watakavyo. Waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 wale taka. Leo wanakula mayai na makinda ya ndege wengine.

Asubuhi moja kinda la tetere lilianguka barazani, bawa likining'inia, na kunguru wawili nyuma yake. Mtoto wa nyumba, miaka saba, akalifunika kwa kawa. Baba akaleta maziwa, kosa la wazazi wengi. Bibi akayakataa. Akaroweka uwele, akalilisha punje moja moja. Maji lilikunywa lenyewe, mdomo ukiwa ndani, bila kuinua kichwa kama afanyavyo kuku.

"Likipona tutaliachia," baba alisema. Mtoto hakujibu.

Mfupa uliunga kombo. Tetere huyo haruki zaidi ya kimo cha meza, na kunguru bado hukaa ukutani wakichungulia. Dirisha la uani sasa lina wavu. Yeye hulala juu ya kabati la vyombo, na akianza kulia alfajiri, anayeamka kumpa uwele ni baba.