Masale Mjini Leipzig

Kwetu Machame, jina la Leipzig tulilizoea kabla hata ya kuiona Dar es Salaam. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na Misheni ya Leipzig, na wazee wa usharika walivyolitaja jina hilo ungedhani mji wenyewe unapakana na Yerusalemu. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma huko Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1990, bibi yangu hakuniusia habari za baridi wala za masomo. Alinituma nikawasalimie Wakristo wa kule, niwaambie mbegu yao imeota.

Salamu nilizifikisha, ila wa kuzipokea walikuwa wachache. Jumapili ya kwanza niliingia kanisa ambalo lingemeza usharika wetu wote na kwaya zake, nikakuta wazee wametawanyika kwenye mabenchi, kila mmoja na kijimto chake cha kukalia. Kwetu, ukichelewa ibada unasikilizia dirishani. Baada ya baraka wakanizunguka, wakanishika mkono, wakaniuliza kama Kilimanjaro bado kuna theluji.

Kilichotokea katikati hapo, mji haukukificha. Pale uwanja wa Augustusplatz palikuwa na kanisa la chuo kikuu, Paulinerkirche, ambalo Martin Luther mwenyewe aliliweka wakfu mwaka 1545. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliliacha limesimama. Lililipuliwa kwa baruti tarehe 30 Mei 1968, wakati wa amani, kwa uamuzi wa serikali ya kikomunisti, na mahali pake pakainuka jengo la chuo lenye kichwa kikubwa cha Karl Marx cha shaba juu ya mlango. Serikali hiyo ilishaanguka nilipofika, lakini kichwa kilikuwa bado pale, nami niliingia darasani kwa kupita chini ya ndevu zake.

Sasa, mimi nilitoka Tanzania nikiwa nimeiva kwa mijadala. Sekondari, katika UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, tulinolewa kumjibu Mwislamu, kumjibu Msabato, kumjibu hata anayesema Mungu hayupo. Leipzig sikumpata wa kushindana naye. Jikoni bwenini, nikifumba macho kuombea chakula, wenzangu walinyamaza kwa adabu, kama watu wanaomsubiri mtu amalize kupiga chafya. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepinga. Mmoja aliuliza kama ndiyo mila ya kabila letu. Wazazi wao walikua bila kanisa, na wengine hata babu zao. Mahali pa kipaimara palikuwa na Jugendweihe, sherehe ya vijana wa miaka 14 ambayo serikali ya Ujerumani Mashariki iliisukuma tangu miaka ya 1950, na ambayo imedumu kuliko serikali yenyewe: suti mpya, hotuba, keki, bahasha za shangazi. Waraka wa Petro unatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza. Haukusema tufanyeje pale ambapo hakuna anayeuliza.

Aliyeuliza hatimaye ni dada mmoja wa mlango wa pili, mwanafunzi wa uhandisi, asiyebatizwa, ambaye aliimba alto katika kwaya. Kuelekea Pasaka walikuwa wakifanya mazoezi ya Mateso ya Bwana kadiri ya Matayo, ya Bach, aliyekuwa mwalimu wa muziki katika kanisa la Thomas papo hapo Leipzig. Alizijua noti zote. Usiku mmoja akaweka daftari la muziki juu ya meza, kati ya sufuria yangu ya wali na kikombe chake, akasema: "Nimeimba hii mwaka wa tatu sasa. Kama Mungu anataka kusamehe, si asamehe tu? Kwa nini mtu afe?"

Majibu ya vitabuni nilikuwa nayo. Yalihitaji kwanza mtu akubali dhambi, hukumu, sadaka, na yeye hakuwa na hata kimoja cha kuanzia. Nikamwelezea masale, yale majani marefu ya kijani yanayooteshwa kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Kwetu Uchaggani, mtu aliyekukosea akija na jani la sale lililofungwa fundo, akakunyooshea, huwezi kumkatalia msamaha. Lakini hilo halina maana kwamba msamaha ni bure. Ng'ombe aliyeibwa hajarudi. Tusi lililotukanwa mbele ya watu limeshasikika. Anayepokea jani ndiye anayeimeza hasara ile.

Alifikiri, akiuzungusha mkono wa kikombe. "Na katika hadithi yenu, nani anapeleka jani? Mkosaji?"

"Hapo ndipo Injili inapoachana na Uchagga," nilimwambia. "Aliyekosewa ndiye anayekuja nalo."

Hakusema ameamini. Alichukua penseli, akaandika kitu kwenye ukingo wa ukurasa wake wa alto, akaenda kulala.

Baadaye alikubali kufuatana nami kanisa la Nikolai, kwenye maombi ya amani ya kila Jumatatu yaliyoanza mwaka 1982. Historia yake aliijua kuliko mimi. Baba yake alikuwa barabarani tarehe 9 Oktoba 1989, watu 70,000 walipoandamana kuipinga serikali ile ya kikomunisti bila risasi kufyatuliwa. Siku hiyo chama tawala kilituma mamia ya wanachama wake wakajaze viti vya kanisa mapema, na hivyo wakaketi wakasikiliza Injili yote. Mwinjilisti gani amewahi kupangiwa mkutano wa namna hiyo? Mchungaji Christian Führer alikuwa bado ndiye kiongozi wa usharika, na kizibao chake cha jinzi, na jioni ile waliombewa wasio na kazi. Baba wa jirani yangu alikuwa mmoja wao tangu kiwanda chake kilipofungwa.

"Hilo la wasio na kazi sina neno," alisema tulipotoka. "Lakini maiti kufufuka siku ya tatu, hapana."

Nikamwambia kwamba mashahidi wa kwanza kutajwa katika Injili ni wanawake, na katika karne ile ushahidi wao haukuthaminiwa. Anayetunga uongo asingeanza nao. Tramu yetu ikapita tukiwa bado tumesimama.

"Hoja hiyo inanikera," alisema, "lakini ina mantiki. Sasa walikuwa wangapi, na mbona kila Injili inataja majina tofauti?"