Kiti cha Pweza: Ana Miguu Mamia, Lakini Haendi Mbio

Je, msomaji, wamjua mnyama mwenye mamia ya miguu ambaye hata mtoto anayetambaa humwacha nyuma? Huyo ni kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota.

Ukitaka kumwona, funga safari na jamaa yako hadi Watamu. Ukitoka Mombasa kwa matatu ya Malindi, shuka Gede, kisha ukatie kulia kuelekea ufukweni. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitengwa mwaka wa 1968. Waulize wenyeji saa za maji kupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari hurudi mbali na kuacha vidimbwi kati ya miamba na majani ya bahari. Humo utawaona, wengine wa kijivu wenye vinundu vyekundu kama shanga.

Usimwinue. Chuchumaa umtazame. Chini ya kila mkono kuna safu za vijimguu laini kama mirija. Maji huingia mwilini kupitia kijichujio kilicho mgongoni, yakapita katika mifereji hadi kwenye vifuko vidogo. Kifuko kikijikaza, maji husukumwa na mguu hurefuka. Mguu hunata kwa aina ya gundi, husukuma mwili mbele, kisha hujinasua. Hana ubongo, na mkono wowote waweza kuongoza msafara.

Sasa wape watoto saa na rula. Wachague mkubwa na mdogo wa aina moja, waweke alama mchangani, na wapime kila mmoja amesogea sentimita ngapi kwa dakika tano. Wengi watadhani mkubwa atashinda. Wasiweke dau! Kiumbe akikua mara mbili kwa urefu bila kubadili umbo, upande wake wa chini, wenye miguu, huongezeka mara nne, lakini mwili wote huongezeka mara nane. Mzigo hukua upesi kuliko nafasi ya miguu. Maji humsaidia kuubeba, lakini ukubwa haumpi mbio bure. Wahenga walisema, ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Hata hivyo, yuko jitu lenye mbio. Katika pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini huishi aina yenye mikono 16 hadi 24, upana wake ukifikia mita moja. Ana miguu ipatayo 15,000, na aweza kwenda kama mita moja kwa dakika. Lakini mbio hizo hazikumwokoa: ugonjwa ulioanza mwaka wa 2013 uliwaua kwa mabilioni.

Wetu wana hatari nyingine, nayo ni mikono yetu. Ukimbandua kiti cha pweza mwambani kwa nguvu, miguu yake hukatika. Ukimshikilia juani ili upigwe picha, unamnyima maji anayopumulia na kutembelea. Ukimnunua aliyekaushwa kuwa pambo la sebuleni, umemlipa mtu akamtoe mwingine.

Basi ukifika Watamu, tazama, pima, cheka na watoto, kisha umwache pale pale. Maji yakijaa, ataendelea na safari yake, polepole.