Meno ya Difu

Difu kuukuu ya Morris Minor iliyooshwa ikang'ara hunitia shaka kuliko iliyogubikwa na oili nyeusi. Mafuta ya taa yameshaufuta ushahidi. Katika ile chafu mimi hutumbukiza kidole, nikaipekecha oili baina ya vidole viwili: chembe za chuma hazijifichi. Kisha huhesabu meno: 41 kwa 9 kwa injini iliyotangulia, 38 kwa 9 kwa ile iliyoingia mwaka 1962. Magurudumu hayo mawili ya meno yamesagana miaka. Yasitenganishwe, maana jozi ya kuokoteza huvuma njia nzima. Gari aliliacha marehemu baba, na pesa nilizonazo ni za difu moja tu. Muuzaji ana haraka zake. Mimi nazungusha polepole, jino kwa jino.