Tulivyoiona Songea na Kaburi la Nduna Wake

Watu wengi wapendao kutembea, mtu na mkewe, huelekeza macho yao ng'ambo. Hutamani Istanbul na Cairo, Fes na Granada, wakaone misikiti ya kale na ngome zilizobomoka, na jioni waketi mahali wapate kuonja chakula cha wenyeji. Hatuwalaumu hata kidogo. Sisi wenyewe tumekwisha kutembea katika magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Kaole, na Mwenyezi Mungu akitujalia tungependa kuiona Alhambra kabla miguu haijachoka. Lakini safari tunayotaka kuwasimulia wasomaji wetu ni ya Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ambako msafiri hatakuta nguzo za matumbawe wala kuba la kale. Tulikwenda kwa sababu tulipata habari ya mtu na mkewe wa mji huo, waliosafiri mpaka Ujerumani, si kwa matembezi, bali kutafuta kitu cha ukoo wao. Habari hiyo tutaifikia.

Njia ni ndefu. Tulipotoka Dar es Salaam tulilala Iringa, na asubuhi yake tukachepuka kwenda Kalenga, kijiji kilicho karibu na mji, palipokuwa na ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wajerumani waliivunja ngome hiyo kwa mizinga mwaka 1894. Mkwawa aliendelea kupigana nao porini karibu miaka minne, na mwaka 1898, alipoona wamemkaribia, akajiua kwa risasi ili asishikwe hai. Kichwa chake kikakatwa, kikachukuliwa Ujerumani. Ni ajabu kusema kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga hesabu za Vita Kuu ya Kwanza na kugawa nchi za watu, una kifungu kinachotaja fuvu la mtu huyu wa Iringa na kuamuru lirudishwe. Hata hivyo Wahehe walingoja mpaka mwaka 1954, Gavana Twining alipolileta kutoka Bremen na kulikabidhi palepale Kalenga. Sasa limo ndani ya sanduku la kioo, na mgeni huliona. Mmoja wetu alisimama mbele yake kitambo kirefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hawa angalau wanajua lilipo."

Makambako tuliiacha barabara kuu ya Mbeya tukashika ya kusini, ambayo hadi Songea ni mwendo wa karibu kilomita 300. Njombe ilitupokea kwa baridi na mashamba ya chai. Huko utaona vichaka vya mianzi vilivyokatwa vichwa, kila muanzi umefungiwa kikombe cha kukingia utomvu. Hiyo ndiyo asili ya ulanzi, pombe ya nyanda zile. Tuliviangalia kwa macho tu, tukapita. Baada ya hapo barabara hupinda na kupindua katika milima ya Lukumburu, abiria wakashika viti kwa mikono miwili, kisha nchi hufunguka kuanzia Madaba, na mashamba ya mahindi hayaachani tena mpaka mjini.

Tuliingia Songea jua likikaribia kuzama. Ni mji wa vilima na udongo mwekundu, na mashariki yake yapo milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanzia safari yake kwenda Bahari ya Hindi. Baada ya sala ya magharibi tulitafuta chakula, tukakipata kwa mama lishe mmoja karibu na soko. Tulimwamkia, tukaketi, akatuletea ugali mzito wa mahindi ya huko, dagaa wa Nyasa, na kisamvu. Sisi watu wa pwani hatujui kupika mboga bila nazi. Kule karanga zilizopondwa ndizo nazi yao, na kisamvu kilichopikwa nazo kina uzito na utamu ambao mpishi wetu wa nyumbani ameamua kuuiga. Dagaa wa Nyasa hawafanani na wa Kigoma: ni warefu kidogo, na huliwa na kichwa chake. Mwenye bahati, siku magari yanapopanda kutoka Mbamba Bay, hupata mbasa, samaki mkubwa wa ziwa lile, mwenye nyama nyeupe.

Lakini kilichotushinda kukiacha ni togwa. Wengi wetu tumeinywa bila kujua inavyotengenezwa, basi tulimwomba mama yule atueleze. Ulezi huloweshwa, hukaa mpaka uote, huanikwa, husagwa. Unga huo ndio huitwa kimea. Kisha hupikwa uji mzito wa mahindi, huachwa upoe kiasi cha kuvumilika na kidole, ndipo hutiwa kimea na kukorogwa. Hapo hutokea jambo la kupendeza: uji uliosimama kama ugali huanza kulainika wenyewe, ukawa mwepesi na mtamu pasipo sukari hata chembe. Kimea huugeuza wanga kuwa sukari, na kwa kuwa uji hulainika, mtoto mdogo huweza kunywa unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Akina mama wenye watoto waliokataa kula walikwisha kuijua siri hiyo zamani. Ikilala siku huingia uchachu mzuri. Ikiachwa siku nyingi hugeuka. "Baba, ya leo hii," alituambia kabla hatujauliza, akatucheka kidogo.

Asubuhi tulikwenda mtaa wa Mahenge, ilipo Makumbusho ya Majimaji. Ilifunguliwa mwaka 1980, na baadaye ikawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Kabla ya kueleza tulichokiona, yafaa tuseme machache juu ya wenyewe.

Wangoni asili yao ni Afrika ya Kusini. Walitoka kule wakati wa vita vya Shaka, wakiongozwa na Zwangendaba, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835, wakapanda kaskazini hadi Ufipa. Huko Zwangendaba alifariki, watu wake wakagawanyika, na baadhi yao wakashuka kuja nchi hii ya Ruvuma. Walikuta wenyeji, wakawashinda, wakawaingiza katika jeshi lao, wakaoa kwao. Na mwisho lugha ya wenyeji ikawameza washindi, hata Kingoni cha leo si Kizulu tena, ingawa maneno kama nkosi na nduna yamebaki. Palikuwa na tawala mbili: Mshope upande wa kaskazini, na Njelu upande wa kusini. Songea Mbano alikuwa nduna wa Njelu, yaani jemadari na msaidizi wa Nkosi Mputa Gama. Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1897 walilijenga karibu na makazi yake, na mji ukachukua jina lake.

Vita vya Majimaji vilianzia mbali na hapo, katika milima ya Umatumbi, mwezi wa Julai 1905, watu walipochoka na kilimo cha lazima cha pamba. Mganga Kinjikitile wa Ngarambe alinyongwa mapema, mwezi wa Agosti, lakini dawa yake ya maji ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwake. Iliyoileta Ungoni ni mikono ya mtu aitwaye Omari Kinjala. Maji hayakuzuia risasi. Vita viliposhindikana, Wajerumani walichoma vijiji na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Wanahistoria hukadiria waliokufa katika nchi yote kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Wanahesabiwa mashujaa 67, na kaburi lao la halaiki limo ndani ya uwanja wa makumbusho. Mputa mwenyewe yumo. Yumo pia Mkomanile, chifu mwanamke wa Kitanda, ambaye ndiye mwanamke pekee anayetajwa miongoni mwao. Inasimuliwa kwamba kwake ndiko Kinjala alikofikia na maji yake. Binti zetu wanaosoma historia shuleni hawamjui, nasi tunaona ni hasara. Songea Mbano hakunyongwa siku ile. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki nyuma ya wenzake. Alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Kaburi lake lipo hatua chache kutoka lile kubwa.

Hapa pana jambo ambalo gazeti la Kiislamu haliwezi kulipita kwa kunyamaza. Tukisikia habari za vita hivi hupenda kufikiri kwamba Waislamu wote walikuwa upande mmoja. Haikuwa hivyo. Kinjala alibeba jina la Omari. Lakini Rashid bin Masoud, mfanyabiashara tajiri aliyekaa Kikole, aliwasaidia Wajerumani. Na njia ile ya misafara iliyoteremka kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje, ambayo kwayo nguo, chumvi na hata dini yetu ilipanda bara, ndiyo iliyoteremsha pembe za ndovu na watu waliofungwa kamba shingoni. Wangoni nao walishiriki katika kuwateka. Tulipotembea Kilwa Kivinje zamani, tulisifu milango ya nyumba zake. Kutoka Songea tuliikumbuka milango hiyo kwa namna nyingine.

Sasa tufike kwenye kaburi la pekee. Mwongoza wageni, kijana mwenye adabu, alitueleza kwamba mwili uliozikwa hapo hauna kichwa. Ukoo wa Mbano umepokezana habari hiyo tangu mwaka 1906: kwamba kichwa kilikatwa na kuchukuliwa Ujerumani. Haikuwa ajabu kwa zama zile. Wataalamu wa huko walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa makoloni ili kuyapima kwa rula na kudai kuthibitisha ubora wa kabila moja juu ya jingine. Maofisa na matabibu wa jeshi ndio waliowapelekea. Kwetu sisi maiti ana haki zake. Kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi iliyo juu ya jamaa nzima, na mfupa wake una heshima kama alivyokuwa hai. Songea hakuwa Mwislamu, lakini hakuna msomaji wetu atakayehitaji kuelezwa maana ya kuzika mwili uliopunguzwa, na watoto wakajua.

Basi mtu na mkewe tuliowataja ni kitukuu mmoja wa nduna huyo na mkewe. Walitoka Songea wakafika Berlin, mji ambao watalii huenda kuangalia majumba ya wafalme na mabaki ya ukuta uliobomolewa mwaka 1989, wakauliza swali moja mlango kwa mlango: babu yetu yuko wapi? Safari yao imo katika filamu iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin mwezi wa Februari 2024. Mmoja wetu aliitafakari habari ya yule mke zaidi kuliko ya mumewe. Songea si babu yake yeye kwa damu. Ameolewa katika msiba huo, akaukubali kuwa wake, akavaa koti la baridi akaenda.

Taasisi ya Berlin inayosimamia makumbusho ya serikali ilikuwa imerithi mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika ya Mashariki. Mengi ni ya Rwanda, na karibu 200 yanahesabiwa kuwa ya Tanzania. Yamekaa miaka mingi katika maboksi, mengine yameandikwa mahali yalipookotwa, mengine namba tu. Mwezi wa Septemba 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya nasaba vimeyaunganisha machache na jamaa walio hai wa Kichaga, mmojawapo akiwa mshauri wa Mangi Meli aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Katika majibu hayo la Songea Mbano halikuwamo.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo Mahenge, akakutana na ukoo, akaomba msamaha kwa yale waliyotendewa Wangoni. Aliahidi kwamba kichwa kitatafutwa, ila hakuahidi kwamba kitapatikana. Kwa maoni yetu alisema kweli, na ukweli ni bora kuliko faraja ya uongo. Lakini tunakumbuka kwamba la Mkwawa lilikuwa limeandikwa ndani ya mkataba wa mataifa na bado likachukua miaka 35. Ombi lisiloandikwa katika mkataba wowote litachukua miaka mingapi?

Mwenye nafasi anaweza kuendelea kutoka Songea kwenda Mbinga, akaone Wamatengo wanavyolima kahawa na mahindi katika milima iliyochimbwa vishimo vya ngoro visivyoachia udongo kuteremka, kisha ashuke hadi Mbamba Bay akaoge ziwani. Sisi siku zetu zilikwisha. Kwa watakaokwenda na watoto, wakati mzuri ni siku za mwisho za Februari, maana tarehe 27 kila mwaka mashujaa hukumbukwa hapo kwa ngoma na mikusanyiko. Ni majira ya mvua, kwa hiyo wachukue miavuli, na sweta kwa ajili ya Njombe. Nao wamwombe mwongoza wageni awasomee majina ya waliozikwa katika kaburi kubwa, yote, na la Mkomanile likiwamo.