Kuimba Nako ni Elimu

Katika nyumba za Wakristo wa huku kwetu Mbezi Luis limezuka swali ambalo baba zetu hawakuulizwa: je, yafaa mzazi kutoa fedha zake kwa miaka mitatu, ili mtoto wake akajifunze kuimba na kupiga vinanda katika chuo kikuu? Kama ni utabibu, au sheria, au ualimu, kila mtu aelewa. Lakini muziki! Wengine hucheka, na wengine hukasirika. Sisi tuliitwa katika shauri la namna hii, na kwa kuwa twaona kwamba litafika katika nyumba nyingi, tumeona vema kuwaandikia tuliyoyasikia na tuliyoyafikiri.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika kwaya ya mtaa wetu alikuwako binti mmoja aliyejifunza kinanda kwa kutazama tu. Hapakuwa na mtu wa kumfundisha. Alikaa kando ya mpigaji kila mazoezi, akaangalia vidole, na siku mpigaji alipougua, yeye akaketi, akapiga. Tangu siku ile sauti zote nne zilimfuata. Hata alipomaliza kidato cha sita, akapata nafasi mbili: moja ya kujifunza uhasibu hapa hapa mjini, na moja ya kujifunza muziki katika Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Naye akachagua ile ya pili.

Baba yake ni muuza mbao kando ya Barabara ya Morogoro, mtu mcha Mungu, asiyekosa ibada. Alituita nyumbani kwake, akatukaribisha, ndipo akasema: “Mwalimu, huyu kuimba anajua. Nimlipie ada akafundishwe analolijua? Na akirudi, nani atampa mshahara? Hapa kwetu mwimbaji wa kwaya hulipwa soda.” Shangazi wa binti akaongeza kwamba wapiga vinanda wengi huanzia kanisani na kuishia katika mabaa, na ya kwamba mtoto wa kike hapaswi kutumwa kilometa zaidi ya 600 kufuata ngoma.

Maneno haya hayakuwa ya watu wapumbavu. Mbao hazijiuzi zenyewe, na mzazi ana haki ya kuuliza fedha zake zaenda wapi. Tena sisi wenyewe tulikuwa na hofu yetu, maana binti akiondoka, kwaya ingebaki bila mpigaji. Kwa hiyo hatukujibu siku ile. Tuliomba tupewe juma mbili, tukaenda kuuliza habari.

Kwanza tulifungua Maandiko. Twasoma katika Mambo ya Nyakati ya Kwanza ya kuwa Daudi hakuuacha uimbaji uende wenyewe. Aliwaweka Asafu na Hemani na Yeduthuni, na waliofundishwa nyimbo, wote wenye ustadi, walikuwa 288. Na Kenania alipewa kazi ya kufundisha kuimba kwa sababu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Basi katika hekalu la Mungu palikuwa na walimu wa muziki na wanafunzi wao, wala hapana aliyesema kwamba sauti nzuri yatosha bila mafundisho.

Pili tuliuliza habari za Makumira. Mahali hapo pako chini ya Mlima Meru, karibu na Usa River, katika barabara iendayo Moshi kutoka Arusha. Chuo cha thiolojia cha Walutheri kilianza kazi pale mwaka 1954, na katika miaka ya 1990 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Tumaini. Si chuo kikubwa kama kile cha serikali kilichoko mlimani hapa Dar es Salaam. Lakini katika mambo ya nyimbo kina historia ambayo kila nyumba ya Kikristo yafaa iijue.

Katika miaka ya 1960 alikuwako pale mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyezaliwa mwaka 1922 na kufa mwaka 2010. Yeye aliwahimiza wanafunzi wasiimbe sauti za Ulaya peke yake, bali walete sauti za makabila yao na kuzitilia maneno ya Injili. Nyimbo hizo zikakusanywa katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu. Na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, ambaye alikuwa mchungaji wa Kilutheri, alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa sauti ya kienyeji ya Tanzania. Mwaka 1969 Ulrich Leupold akautia katika Kijerumani, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, nambari 116. Olson naye aliufasiri kwa Kiingereza. Fikirini, ndugu: Wajerumani walituletea nyimbo zao, nasi tukazipokea kwa shukrani; leo siku ya Pasaka wao huimba wetu.

Labda mtu atauliza: kuna shida gani kuimba zile za zamani? Hatusemi ziachwe. Nyingi zimetulea, na tukifa twataka tuzikwe nazo. Lakini sikilizeni jambo hili, ambalo mtu asiyejifunza muziki hulisikia bila kujua sababu yake. Lugha yetu karibu siku zote hutia nguvu katika silabi ya pili kutoka mwisho. Nguvu ikihama, hata maana yaweza kuhama: barabara, tukitia nguvu katika silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia, tukiirudisha nyuma silabi moja, maana yake ni sawasawa. Nyimbo nyingi za Kijerumani na Kiingereza humaliza mstari kwa silabi yenye nguvu. Basi wafasiri walipotia maneno yetu katika sauti zile, “Bwana” likaimbwa kana kwamba nguvu yake iko katika “na”, na “Mungu” kana kwamba iko katika “ngu”. Sisi tumezoea, lakini mtoto anayejifunza hukwaa. Na lugha nyingine za Tanzania zina shida kubwa zaidi, maana kwao sauti ikipanda au ikishuka, neno huwa jingine kabisa. Wimbo wa Ulaya hauulizi neno lataka kupanda au kushuka; huenda njia yake tu. Kulitengeneza jambo hili ni kazi ya mtu ajuaye noti, na ajuaye pia lugha na ngoma za watu. Mtu wa namna hiyo hatokei bila shule.

Wala si Walutheri peke yao walioliona. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania aliandika kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Huko Ghana mwalimu Ephraim Amu alifukuzwa katika chuo cha misioni mwaka 1933, kwa sababu ya kuhubiri akiwa amevaa vazi la kwao na kushika muziki wa kwao. Hakuyaacha. Alikwenda London akajifunza muziki, akarudi kufundisha, na leo nchi yake yote humheshimu.

Tuliporudi nyumbani kwa muuza mbao tulimweleza haya, na juu yake habari za Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliyetunga mwaka 1897 wimbo kwa ajili ya watoto wa shule. Sauti yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, wimbo wa taifa letu tangu uhuru wa Tanganyika mwaka 1961. Mzee akasikiliza, kisha akauliza, “Naye alilipwa nini?” Tukamwambia kweli: alikufa mwaka 1905, wala hakuona utukufu wa wimbo wake. Mzee akacheka, akasema, “Mwalimu, shahidi wako huyu yuko upande wangu.”

Hatukutaka kumshinda kwa maneno matamu. Tulimwambia pia kwamba somo la muziki limo katika mitihani ya taifa ya kidato cha nne, lakini shule zinazolifundisha ni chache, na walimu wake ni wachache; ya kwamba mwenye kujua kufundisha hawezi kulala njaa upesi kama mwenye kujua kuimba tu; na ya kwamba utajiri hatuwezi kumwahidi. Binti mwenyewe alikuwa kimya muda wote. Alipoulizwa, alisema neno moja: “Baba, kinanda nilijifunza kwa kuiba. Nataka nijifunze kwa halali.” Baba yake akatazama chini kwa muda mrefu. Mwisho akakubali kulipa mwaka wa kwanza, aone. Usharika ukachanga nauli na godoro, na alfajiri moja akapanda basi katika kituo kikuu cha Magufuli, ambacho tangu mwaka 2021 kimeufanya mtaa wetu kuwa mlango wa bara.

Kwaya ilipata taabu. Kwa miezi mingi tuliimba bila kinanda, na sauti ya tatu ilipotea mara nyingi. Tulivumilia.

Aliporudi likizo, hakuleta kinanda kikubwa kama watu walivyotazamia. Alileta zeze la Kigogo na daftari. Alitueleza kwamba kule hujifunza kuandika noti na kupiga kinanda, na pia hujifunza ngoma na vinanda vya makabila, na kuvipiga mbele za watu; naye kijana wa mjini, aliyekulia katika kelele za mabasi na vipaza sauti, alikuwa hajapata kushika zeze maisha yake yote. Akafundisha kwaya wimbo mmoja kwa zeze na ngoma mbili, ukaimbwa siku ya Bwana.

Ngoma zilipoanza, mzee mmoja wa kanisa alisimama, akatoka nje. Baada ya ibada alituambia, “Ngoma ile niliiacha siku niliyobatizwa. Mimi najua ilikuwa ikiita nini.” Hatukumkemea. Sisi tufundishao wanaojiandaa kubatizwa twajua kwamba mtu aliyeacha matambiko kwa machozi hawezi kuyasikia mapigo yake kama ayasikiavyo kijana asiyejua kitu. Wasomi wa muziki wasiwadharau wazee wa namna hii. Wao ndio waliolipa gharama.

Lakini binti alifanya jambo ambalo sisi hatukumfundisha. Alikwenda nyumbani kwa mzee, akaketi chini, akasema, “Shikamoo, babu. Nifundishe pigo lipi ni la matambiko, nisije nikalipiga.” Mzee akakataa. Akaenda tena kesho yake. Mara hii mzee akachukua ndoo tupu, akapiga kwa vidole: hili la mizimu, hili la unyago, hili la harusi, hili la kuvuna mtama. Alipofika kwenye la mavuno, akaanza kuimba wimbo wa marehemu mama yake, ambao hakuuimba tangu ujana. Binti akauandika wote katika daftari. Mzee alipoona sauti ya mama yake imekaa katika karatasi, na kuisikia ikirudishwa sawasawa na mtu aisomaye, hakusema kitu. Lakini juma lililofuata alikaa katika kiti chake mpaka mwisho, na ngoma iliyopigwa ilikuwa ile ya mavuno, kwa maneno ya shukrani.

Baba wa binti alikuwa amesimama nyuma mlangoni. Alitunong'oneza, “Kumbe ada yangu yasikika.”

Sasa binti amebakiza mwaka mmoja. Swali la mshahara halijajibiwa, wala sisi hatuna jibu lake. Lakini mazoezi ya kwaya yamebadilika: wanne kati ya vijana wetu wasoma noti, na mmoja wao ndiye apigaye kinanda.

Basi, ninyi wazazi, mtoto akija na ombi la namna hii, msimkatae kabla ya kuuliza, wala msimruhusu kabla ya kuuliza. Ulizeni kwanza kama ana bidii mahali ambapo hakuna watu wa kumpigia makofi. Maana wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Ulizeni kama atapenda kufundisha wengine. Ulizeni Bodi ya Mikopo kabla ya kuuza kiwanja. Na ninyi walimu wa mitaa, msimzuie mtu kwa ajili ya kwaya yenu. Mfundisheni wa pili mapema.

Tena twawaomba nyote jambo moja lisilohitaji ada. Katika nyumba nyingi za Mbezi yuko bibi au babu aliyekuja kutoka bara kukaa na watoto wake, naye hukaa kimya barazani mchana kutwa. Mwulizeni nyimbo za kwao. Andikeni maneno, na mwenye simu anase sauti. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini kwao pakisahauliwa, atacheza wapi?