Muulize mshauri wa ng'ambo analipwa na nani

Wahenga walinena kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Methali hiyo niliisikia tangu utotoni, lakini maana yake niliijua nikiwa na mvi kichwani, nilipotaka kumpeleka kitindamimba wangu kusoma Kanada.

Binti huyu alipata alama ya B+ katika mtihani wa KCSE wa 2022, na ndoto yake ilikuwa uuguzi. Hapa mtaani kwetu Buruburu, majirani wawili walikuwa wamewasindikiza watoto wao hadi uwanja wa ndege, nami sikutaka kuachwa nyuma. Mnamo Mei 2023 tukapanda ngazi hadi ofisi ya mshauri wa elimu katikati mwa jiji. Ukutani kulikuwa na picha za vijana waliovalia majoho. Kijana mmoja nadhifu alitukaribisha kwa chai, akaniita mzee kwa heshima, na kabla kikombe hakijapoa nilikuwa nimelipa shilingi 45,000 za kufungua faili.

Alituletea majina ya vyuo vitatu. Hakuna hata kimoja kilichofundisha uuguzi. Alipoulizwa, alisema kozi ya usimamizi wa afya ni "karibu sawa", na kwamba binti angebadilisha akishafika. Nilikubali. Laiti ningalimuuliza swali moja tu: wewe unalipwa na nani? Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba vyuo vingi vya ng'ambo huwalipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayejiunga. Si dhambi, ni biashara. Lakini wakala wa namna hiyo hukuonyesha duka analouzia, hakuonyeshi soko lote.

Kisha akataka karo ya mwaka wa kwanza ipitie katika akaunti yake, eti kurahisisha mambo. Hapo nilisita. Mwaka huo huo magazeti yalikuwa yamejaa kilio cha wazazi wa Uasin Gishu waliotoa pesa zao katika mpango wa kaunti wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada. Nikamwambia tungoje.

Novemba tukafanya harambee. Kakangu mkubwa alikuwa mwenyekiti. Jamaa walisafiri usiku kutoka kijijini, shangazi yangu akauza ndama, na tukakusanya shilingi 640,000. Nyingine zingetoka kwa mkopo wa sacco na kiwanja changu cha Joska, ambacho nilikuwa nimekipatia mnunuzi. Nyanya yake alimbariki mbele ya watu wote.

Maji yalizidi unga Desemba. Serikali ya Kanada ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2024, mwanafunzi anayeomba kibali akiwa peke yake lazima aonyeshe dola 20,635 za Kanada za kujikimu kwa mwaka mmoja, badala ya 10,000, mbali na karo na nauli. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Faili yetu ilikuwa bado imelala kwenye kabati la yule kijana.

Nilipomwendea, hakutikisika. "Mzee, usiwe na wasiwasi. Kuna mtu River Road atatutengenezea stetimenti ya benki ya miezi minne, mihuri na kila kitu. Wengi wameenda hivyo."

Msomaji mpenzi, ningependa kukuambia kwamba nilisimama na kuondoka kwa hasira. Sikufanya hivyo. Nilinyamaza. Niliwaza ndama wa shangazi, nikawaza nitakavyosimama mbele ya wale jamaa na kusema safari haipo. Nikamwambia kijana nitampigia simu Jumatatu.

Tukiwa ndani ya matatu, binti yangu alinigeukia. "Baba, wakiniuliza pesa hizi zilitoka wapi, nitasema nini? Jina lililo kwenye fomu ni langu, si la yule."

Sikuwa na jibu. Jumatatu hiyo hatukupiga simu. Badala yake tulimpelekea karatasi zetu mwalimu wake wa zamani, naye akatueleza jambo ambalo kijana hakulitaja: anayenaswa na hati ghushi hufungiwa mlango wa Kanada kwa miaka 5. Akatukumbusha pia wanafunzi wa kutoka India ambao mwaka wa 2023 walikabiliwa na tishio la kufukuzwa Kanada, kwa sababu barua zao za kukubaliwa chuoni, zilizoletwa na wakala, zilikuwa bandia. Tangu Desemba 1, 2023, kila barua kama hiyo sharti ithibitishwe na chuo chenyewe.

Kumwambia kakangu ndilo lililokuwa zito. "Kaka, safari haipo," nikasema. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Hatimaye aliwaita wanakamati, nasi tukawasomea hesabu yote. Wengi walisema pesa zibaki ziwe karo ya hapa nchini. Mjomba mmoja alidai zake, nikamrudishia siku hiyo hiyo. Zile 45,000 hatujaziona hadi leo. Kiwanja cha Joska bado ni changu, na binti anasomea uuguzi katika chuo kikuu cha umma hapa Kenya.

Sisemi washauri wote ni walaghai. Wapo wanaokuuliza kwanza una pesa ngapi na mtoto anataka nini. Lakini mzazi, kabla hujatoa hata senti, muulize analipwa na nani. Kagua mwenyewe kama chuo kimo katika orodha ya serikali ya Kanada ya vyuo vinavyoruhusiwa kupokea wageni. Anayelipwa kukushughulikia kibali cha Kanada lazima awe mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa huko, na majina yao yako wazi kwa umma. Karo ilipe kwa chuo chenyewe. Na ukague viwango kila mara, maana tangu Septemba 1, 2025 zile dola zimepanda hadi 22,895.

Zaidi ya yote, mkalishe mtoto kando yako fomu zinapojazwa, asome kila mstari. Wangu alisoma, ndiyo maana mlango wa ng'ambo bado uko wazi kwake siku atakapotaka kuubisha.