Ukifika Vermont, chunguza vifungio kabla ya kuteleza

IWAPO siku moja masomo yatakupeleka Burlington, mji ulio kando ya Ziwa Champlain katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, jiandae kwa baridi. Msimu wa theluji ukiwadia, wenzako hawatakawia kukualika Stowe, chini ya Mlima Mansfield wenye kimo cha mita 1,339, mkateleze.

Vermont ina historia ndefu ya ubao wa theluji. Ni huko Londonderry ambako Jake Burton Carpenter alianza kutengeneza mbao hizo mwaka wa 1977. Mchezo huo uliingia katika Olimpiki mwaka wa 1998 kule Nagano, Japani, mashindano yale yale ambamo Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki za majira ya baridi.

Kwa kuwa vifaa vipya ni ghali, huenda ukaelekea kwenye maduka ya mitumba. Humo unaweza kukuta vifungio vya buti ngumu vya miaka ya 1990. Hivi si vile vya mikanda vinavyotumiwa na wengi. Ni bamba lenye waya mnene wa chuma unaoshika kisigino, na mwingine wa mbele wenye klampu ya kubana ncha ya buti. Mtindo huo haujafa. Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki alishinda dhahabu za Olimpiki kwa buti ngumu mwaka wa 2018 na 2022.

Ya kale ni dhahabu, utasema. Lakini ukivigeuza unaona skrubu zina kutu, klampu imelegea, na kuna ufa mwembamba kama unywele. Je, utengeneze au utupe?

Sisi tumelelewa na mafundi. Nenda Kamukunji uone jua kali wanavyofufua vyuma vilivyokwisha kukatiwa tamaa. Hata hivyo, tia jambo hili akilini: vifungio vya ski hutengenezwa ili vifyatuke mtu anapoanguka, lakini hivi vya ubao havifyatuki. Kimoja kikivunjika ukiwa mbioni, mguu mmoja hutoka na wa pili hubaki umenaswa, na ubao huusokota. Goti likiharibika, bili ya hospitali ya Marekani inaweza kumeza karo yako.

Basi pima hivi. Safisha vifungio, fungua skrubu zote, kisha vitazame penye mwanga mkali, hasa kuzunguka matundu ya skrubu na pale waya unapoingia. Skrubu, waya na klampu ni vipuri. Ukivipata vinavyolingana, badilisha bila wasiwasi. Waya uliopinda usiunyooshe kwa nyundo, maana chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa huchoka na kinaweza kukatika ghafla. Nunua mwingine.

Plastiki ni hadithi nyingine. Miaka huifanya ikakamae, na baridi huizidisha wepesi wa kuvunjika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, lakini ukuta wa nyumba haubebi mtu akishuka mlima kwa kasi. Gundi haitairudishia nguvu. Bamba la plastiki likiwa na ufa, hata mdogo, litupe. Buti kuukuu nazo zikague vivyo hivyo, kwani ganda lake pia ni la plastiki na huzeeka.

Mwisho, linganisha matundu. Mbao nyingi zina matundu manne ya mraba wa sentimita nne, lakini mbao kadhaa za zamani za Burton zina matatu ya pembetatu. Visipolingana, hata vifungio vizima havitakufaa.

Ukipata jozi isiyo na ufa, vipuri vyake vikapatikana na matundu yakakubali, nunua na uitengeneze. La sivyo, iache rafuni. Kodi vifaa vya siku moja pale mlimani, ujifunze kwenye mteremko wa wanaoanza, na ushuke kwa miguu yako miwili.